Pazia la Mstari wa Kwanza

Jumatatu asubuhi jua lilirudi Rowinka bila hata kuomba radhi, kana kwamba si lenyewe lililowaachia watu mvua Jumapili kutwa. Kufika saa tatu, foleni ya gofri za moto, mikate mitamu ya vishimo, ilikuwa imeshakunja kona hadi mlangoni pa kituo cha polisi. Sajenti Alojzy Konkel, aliyebakiza miezi minne kustaafu na ambaye hakuwa na nia ya kuimaliza kwa njaa, aliingia ofisini na malai kwenye masharubu, akatoa taarifa kwamba amehoji foleni nzima na hakuna aliyemwona mzee. Inspekta Bogna Necel alimwambia afute ushahidi mdomoni kwanza.

Mzee aliyetafutwa aliitwa Walenty Pastuszak, miaka sabini na miwili, dereva mstaafu wa tramu kutoka Łódź. Alifika Rowinka Jumatano, akapanga chumba cha juu nyumbani kwa Bwana Gerard Muża, nyuma ya kanisa. Jumamosi alfajiri alitoka, na hakurudi. Jumapili asubuhi binti yake, Sabina, alishuka kwenye treni iliyosafiri usiku kucha, akaja moja kwa moja kituoni kusema kwamba baba hapokei simu. Sasa zilikuwa zimepita saa hamsini na tatu. Mzee wa umri ule akipita siku mbili bila vidonge vyake vya presha, polisi huendelea kutafuta, ila huanza kushusha sauti.

Vidonge vyenyewe vilikuwa mezani kwa Bogna, pamoja na vitu vingine vya chumbani: simu iliyokutwa kwenye chaja, imefungwa kwa namba ya siri, saa ndogo iliyotegwa kengele ya saa kumi na nusu alfajiri, na karatasi ambayo mzee aliandika kwa herufi za mtu asiyemwamini msomaji wake:

*Mnara wa taa, ngazi 183, kupumzika katikati.*
*Gayogayo wa moshi, kwa Bi Formela.*
*Meli ya maharamia, Jumamosi saa nane.*
*Gofri. Mbili bila beri.*
*Kaharabu, bahari ikichafuka.*

Jumapili nzima Bogna na Konkel waliifuata karatasi hiyo mvuani, kituo kwa kituo, kama watalii wawili waliolaaniwa. Mlinzi wa mnara hakumwona mtu. Bi Formela, mwenye jiko la kukaushia samaki kwa moshi, alimkumbuka vizuri: alikuja Alhamisi, akauliza yupi kati ya samaki wote ana miiba michache, akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Bi Formela alikuwa bado na kinyongo. Alisema katika miaka thelathini ya moshi hajaona mtu anayekuja kumhoji samaki bila kumla.

Kwenye gati, mkata tiketi wa meli ya maharamia, mwenye kitambaa jicho moja na sigara upande wa pili, alisema mzee alilipia tiketi nne za Jumamosi saa nane. Saa nane ikafika, meli ikatoka, viti vinne vikabaki vitupu.

Tiketi hizo ndizo zilizowapoteza njia. Konkel alikata shauri papo hapo kwamba mzee kapata mpenzi kwenye nyumba ya tiba, wanakoletwa wazee kuvuta hewa yenye iodini na kukandwa magoti, na kwamba mpenzi huyo ana shoga zake wawili. Wakaenda kwenye dansi ya jioni ya wagonjwa. Wajane thelathini walipitisha picha ya Walenty mkono kwa mkono. Mmoja alisema angemjua, kwa sababu wanaume humo ndani ni saba na wanne wana magongo. Mwingine akamwuliza Konkel kama yeye ameshachukuliwa. Wakaondoka saa mbili wakiwa wamelowa, bila chochote, na Konkel akiwa na namba mbili za simu.

Ndipo Jumatatu ilipoanza, na ikaanza kwa Bwana Gerard Muża.

Alikuja kituoni kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza na ya pili Bogna alimfukuza, kwa kuwa Gerard alikuwa mtu wa kulalamika kama wengine walivyo watu wa kwenda kanisani, na lalamiko lake halikulingana na msiba. Mpangaji wake, alisema, kabla ya kupotea alimwibia nyundo ya mpira.

"Nimekwambia, Bwana Muża, nyundo itasubiri."

"Jana ulisema itasubiri. Leo wapangaji wawili wameniuliza nyundo iko wapi. Nitawaambia nini, wapigilie kwa vichwa?"

Bogna alikuwa ameshanyanyua mkono kumwonyesha mlango. Mkono ukabaki juu.

"Wapigilie nini?"

Gerard alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba inspekta wa polisi hana akili timamu. "Vigingi vya pazia la upepo. Kwani nyundo ya mpira pwani ni ya nini, ya kupondea vitunguu?"

Ni jambo ambalo mtoto wa miaka minne kutoka Łódź angelijua. Mwezi wa saba, Rowinka nzima, wageni elfu nane huamka kabla ya jogoo, hushuka ufukweni na vitambaa virefu vyenye vigingi, huvipigilia mchangani kuzungushia kiwanja chao, kisha hurudi kunywa chai. Upepo ni kisingizio. Pazia ni hati ya ardhi. Aliyewahi mstari wa kwanza anaona maji. Aliyechelewa anaona migongo. Mwaka uliopita halmashauri iliwahi kuyang'oa mapazia yaliyolala usiku, wageni wakaandamana na vigingi mkononi, na tangu hapo amri ikawa moja: pazia la mtu haliguswi mpaka mwenyewe awepo. Lakini Bogna alizaliwa Rowinka, na mzaliwa wa Rowinka haendi ufukweni mwezi wa saba, kama mpishi asivyokaa kula kwenye karamu aliyoipika. Isitoshe, Sabina alikuwa amemwambia kwamba baba hapendi mchanga, hajui kuogelea, na alikuja peke yake kupumua tu.

Sabina alikuwa kwenye benchi la korido tangu saa kumi na mbili, na kikombe cha chai kilichopoa. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti la mvua la kuazima. Bogna alimwita ndani, akamwekea karatasi ya baba yake mbele. Aliionyesha jana pia, na jana Sabina aliisoma, akaikunja, akasema haimwambii kitu.

"Baba yako hali beri?"

"Anakula."

"Gofri mbili bila beri. Za nani?"

Sabina alianza kuikunja karatasi tena.

"Samaki asiye na miiba. Tiketi nne za meli ya maharamia. Una watoto wangapi, Bi Sabina?"

"Wawili."

"Wanakula beri?"

"Wanasema zinafanana na macho."

Kisha akaeleza yote, akiitazama chai. Walipaswa kuja Jumamosi, yeye na watoto, kwa treni ya alfajiri. Baba alikwenda mapema kuandaa mambo. Alikuwa hajakaa na wajukuu tangu Krismasi. Ijumaa jioni alipiga simu kuuliza mara ya mwisho. Sabina alikuwa amechoka, na alimjibu vile mtu anavyomjibu mzazi: sawa, tutakuja, lakini tafuta mstari wa kwanza, sitaki kukaa nyuma ya migongo ya watu kama mwaka juzi. Usiku joto likawa kali, watoto wakagoma kuamka, akaona wataenda wiki ijayo. Saa moja akamtumia baba ujumbe. Ujumbe ukaenda kukaa kwenye simu iliyokuwa kwenye chaja.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Uliniuliza kama alikuwa na miadi na mtu." Sabina alizungusha kikombe. "Sisi hatukuja. Nikasema hakuwa nayo."

Baadaye aliongeza kwamba alidhani baba kanuna, kajificha mahali ili amkomoe kidogo. Alikuwa na haki ya kumkomoa, alisema. Bogna hakusikia sehemu hiyo yote. Alikuwa ameshachukua kofia.

Ufukwe wa Rowinka una urefu wa kilomita tano, na saa nne asubuhi mchanga wake haukuonekana. Palikuwa na vitambaa tu, vya mistari, vya maua, vya matangazo ya bia, kimoja kimeungana na kingine kama mji wa watu waliokubaliana kutoamkiana. Muuza mahindi ya kuchemsha alikuwa akipita katikati na toroli lake, akinadi. Konkel alisimama juu ya ngazi za kushukia, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema hata wakianza sasa watamaliza baada ya yeye kustaafu.

"Hatutafuti pazia," Bogna alisema. "Tunamtafuta Longin."

Longin aliendesha trekta ya halmashauri inayochekecha mchanga kila alfajiri. Walimkuta kivulini, chini ya misonobari, anakula mkate na matango ya chumvi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatafuna kwanza. Bogna alimwuliza kama kuna pazia lililolala ufukweni siku zote: usiku wa Jumamosi, usiku wa Jumapili. Longin akafikiri. Jumamosi usiku yalilala mengi, alisema. Jumapili mvua ilipokatika watu walikuja jioni kuyachukua yakauke. Leo alfajiri lilibaki moja. Njia ya kumi na nne, mstari wa kwanza. Ndani lina kihema.

"Ulichungulia?"

"Nilizunguka." Akaonyesha kwa kisu jinsi trekta inavyokunja. "Pana mwenyewe."

Kwa hiyo walilijua kabla ya kulifikia. Alama za magurudumu zilikuja zimenyooka kutoka magharibi, zikafika pale, zikafanya tumbo kama mto unaokwepa jiwe, kisha zikanyooka tena. Siku mbili za alama, moja juu ya nyingine. Ndani ya tumbo hilo palikuwa na pazia jipya la manjano na kijani, limepigiliwa kwa adabu pande zote nne, vigingi vimesimama kama askari wa gwaride. Katikati yake kihema kidogo cha buluu, zipu chini.

Bogna alisimama. Konkel, aliyekuwa nyuma yake, nusura amgonge.

Jirani wa mkono wa kulia, Bi Urszula Kopiec kutoka Katowice, alikuwa amelala kifudifudi akipakwa mafuta mgongoni na mumewe. Hapana, alisema, hawajawaona wenyewe, na wanawasikitikia, maana mahali pazuri namna hii wamelipia halafu hawapatumii. Aliwafahamu kwa sauti tu. Jumamosi mchana kuna mtu alikuwa akikoroma humo ndani, kakoroma kutwa, mpaka mume wake akasema huyo si mtu, ni trekta. Watoto walicheka sana. Jioni walipoondoka bado alikuwa anakoroma.

"Hamkumwamsha?"

"Kumwamsha mtu likizoni?" Bi Urszula aliinua kichwa. Alitazama uso wa Bogna, kisha wa Konkel, na mkono wa mumewe ukasimama mgongoni mwake.

Konkel ndiye aliyefika kwanza kwenye kihema. Kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, alibisha hodi kwenye kitambaa.

Zipu ilikuwa imefunguliwa kutoka ndani, upana wa vidole viwili, kwa chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuona. Bogna aliipandisha iliyobaki. Taulo nne zilitandikwa bega kwa bega, kila pembe imewekewa jiwe, na mbili kati yake zilikuwa fupi, zenye picha za samaki. Chupa ya chai. Mfuko wa maandazi manne. Nyundo ya mpira, herufi G na M zimechomwa kwenye mpini. Walenty Pastuszak alilala kwa ubavu mlangoni, nusu ya uso imeteremka, mkono wa kushoto umenyooshwa kuelekea zipu. Kiganja kilikuwa kimejaa mchanga, na mbele yake palikuwa na shimo dogo, la kina cha bakuli, lililochimbwa polepole.

Daktari wa gari la wagonjwa alipiga magoti kwa muda mfupi. Damu kichwani, alisema. Kupooza upande mmoja, ulimi pia. Ndiyo maana kukoroma. Ilimpata Jumamosi asubuhi, labda wakati anapigilia kigingi cha mwisho. Angefikishwa hospitali siku ile, pengine angebaki na gongo tu.

"Alikufa lini?"

"Nitajua zaidi nikimfungua." Aliugusa mkono wa mzee, akaukunja kidogo. "Si Jumamosi. Jana. Jana jioni, usiku hivi."

Bogna alitoa kitabu chake cha kazi, akafungua ukurasa wa Jumapili. Maandishi yalikuwa yake, wino umetawanywa na mvua, lakini yalisomeka. *Saa 9:10 alasiri. Ufukwe, njia ya 14. Mapazia 41, wenyewe hawapo. Nimempigia binti.*

Mstari wa mwisho wa karatasi, kaharabu inayotupwa mchangani bahari ikichafuka, ndio uliomleta hapa jana, na upepo ulikuwa mkali, ukinyakua maneno. Alichuchumaa upande wa kinga wa pazia moja lililosimama imara kuliko mengine, la manjano na kijani, akaweka simu kwa sauti kubwa ili asikie. Sabina aliuliza kama kuna habari. Bogna alisema hakuna bado, tunatafuta kila mahali. Sabina akasema mkimwona mwambieni arudi tu, mimi nipo hapa. Walizungumza dakika nne. Kutoka pale alipochuchumaa hadi kwenye zipu ilikuwa hatua moja na nusu.

Konkel aliusoma ukurasa ule juu ya bega lake. Alisema hakuna anayechungulia kwenye pazia la mtu. Hata yeye asingechungulia. Bogna akafunga kitabu. Konkel akaondoka kwenda kusimamia machela, na kwa mara ya kwanza tangu Bogna amjue, alipita kwenye kibanda cha gofri bila kugeuza shingo.

Mwendesha mashtaka alisikiliza taarifa kwa simu, akasema hakuna jinai hapo. Wapige picha, wakusanye vitu, waondoe utepe, watu wamekuja kupumzika. Kufika saa sita kasoro robo kazi ilikuwa imekwisha. Gerard Muża alikuja kutazama, akaiona nyundo yake kwenye mfuko wa vielelezo, akavua kofia. Safari hii hakuidai.

Sabina aliambiwa kituoni, Bogna akiwa amekaa na mlango umefungwa. Hakulia mbele yake. Aliuliza kama alikufa palepale, na Bogna akamwambia hapana. Aliuliza ni lini, na Bogna akamwambia. Nje, foleni ya gofri ilisogea hatua moja.

"Watu walipita karibu naye?"

"Walipita wengi."

"Nawe?"

Bogna alikuwa na majibu matatu, na mawili kati yake yangemfaa yeye mwenyewe. "Nilipita. Nilipokupigia simu, nilikuwa nimeegemea pazia lake."

Sabina aliinama kama mtu anayehesabu kitu sakafuni. Alipoinuka aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kupaona. Hakutaka kuelezwa, alitaka kusimama pale.

Bogna alitaka kumwambia asubiri hadi jioni. Hakumwambia. Waliteremka ngazi za njia ya kumi na nne saa saba kamili, jua likiwa utosini, muuza mahindi akinadi, wakapita kati ya vitambaa kwa vichochoro vyembamba kiasi cha kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine. Bi Urszula Kopiec alikuwa amehama. Bogna alitafuta alama za trekta, akaziona, akazifuata hadi mahali zinapofanya tumbo.

Ndani ya tumbo palisimama pazia jekundu. Watu wa mstari wa pili walikuwa wamesogea mbele, kama ilivyo haki yao. Nyuma yake baba, mama na watoto wawili walikaa juu ya taulo wakila mahindi, na mbele yao hapakuwa na mgongo wa mtu yeyote. Maji tu, hadi mwisho wa macho.

Sabina alisimama kwenye pengo la kitambaa na kuyatazama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaingia ndani. Yule baba alimeza punje zake, akafuta mdomo, akasema kwa upole kabisa, maana mahali pazuri humfanya mtu awe mpole:

"Samahani, dada. Hapa pana mwenyewe."